Kunakili, Kuandika na Kuchoma: Tatizo la Vitenzi katika Utengenezaji wa Diski ya Kuamshia Tarakilishi

Istilahi za tarakilishi zilizoenea katika vitabu vya shule za Kenya baada ya Kiswahili kufanywa somo la lazima katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ni istilahi za vitu. Mwanafunzi hufunzwa kwamba kuna kiwambo, kibodi, kipanya, kichapishi, diski tepetevu na, katika orodha za baadaye, diski mweko na kipakatalishi. Majina haya hukaririwa na kutahiniwa. Lakini fundi hatendi kazi kwa majina peke yake. Hutenda kwa vitenzi, na hapo ndipo orodha hizo zinapomwacha mkono.

Makala haya yanakusudia kuchunguza kitendo kimoja tu, yaani kuandika taswira ya diski juu ya diski nyingine ili kupata chombo cha kuamshia mashine. Kitendo hiki ni kidogo, hata huweza kuonekana hakistahili kujadiliwa na wanaisimu. Hata hivyo kina sifa moja inayokifanya kuwa kipimo kizuri cha istilahi: mwalimu akitumia kitenzi kisichofaa, mwanafunzi naye akalifuata neno kama alivyolisikia, mashine haitaamka. Ni nadra mtaalamu wa istilahi kupata hakimu asiyependelea upande namna hiyo.

Mahali na haja

Mji wa Nakuru, uliopandishwa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, pamoja na viunga vyake vya Njoro, Molo na Gilgil, ni mahali panapofaa sana kwa uchunguzi huu. Wakikuyu, Wakalenjin, Wamaasai, Waluo, Waluhya na Wakisii wanaishi humo bega kwa bega, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, katika vituo vya matatu na katika karakana. Darasani mambo ni mengine. Katika Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, kilichoanza mwaka 1939 kikiwa shule ya kilimo na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1987, na hali kadhalika katika vyuo vya ufundi vya mjini, elimu ya tarakilishi hutolewa kwa Kiingereza. Basi fundi aliyeisoma kazi kwa lugha moja hulazimika kumfundisha mwanagenzi wake kwa lugha nyingine, na tafsiri huifanya yeye mwenyewe, palepale, bisibisi ikiwa mkononi.

Haja ya diski za kuamshia ilitokana na aina ya mashine zilizofika. Tarakilishi nyingi za shule zilikuwa za mitumba. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilifanya kazi ya kukarabati tarakilishi zilizokwisha kutumika na kuzigawa shuleni. Mashine ya mtumba mara nyingi hufika ikiwa imefutwa kila kitu kilichokuwamo: chuma ni kizima, umeme unapita, lakini ndani hamna mfumo endeshi. Ikiwa mashine hiyo iliundwa kabla ya uwezo wa kuamka kwa sidii kuwa wa kawaida, mlango wake ulikuwa mmoja tu, nao ni diski tepetevu.

Mtandao pia ulikuwa na neno lake katika jambo hili. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika pwani ya Kenya mwaka 2009, data zote za nje zilipita kwa setilaiti, na mtumiaji wa kawaida alizipata kwa modemu ya simu. Kwa modemu ya biti 28,800 kwa sekunde, diski moja tepetevu iliyojaa ingeweza kupokewa kwa takriban dakika 7 iwapo laini haikukatika. Sidii nzima ya megabaiti 650 ingehitaji zaidi ya saa 50 mfululizo. Ndiyo maana diski mbili tatu za kuamshia zilikuwa na thamani kubwa kuliko ukubwa wake.

Diski na jina lake

Jina "diski tepetevu" linaeleza kitu ambacho wanafunzi wengi wa Kenya hawakupata kukiona. Diski ya kwanza ya aina hii ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1971, baada ya kazi iliyoanza mwaka 1967 chini ya mhandisi David Noble. Ilikuwa na upana wa inchi 8 na ilikunjika kweli. Utepetevu wake ulionekana kwa macho. Mwaka 1976 ikafuata ya inchi 5.25, nayo laini vilevile. Lakini iliyoenea shuleni ilikuwa ya inchi 3.5, iliyovikwa gamba gumu la plastiki. Mwanafunzi aliyeishika mkononi na kuigonga mezani angeweza kwa haki kabisa kuiita diski ngumu, jina ambalo tayari limepewa kitu kingine. Tena katika Kiswahili cha shule za Kenya neno "utepetevu" huwa na maana ya ulegevu wa mtu, uvivu na kutojali kazi. Jina hilo basi liliingia likiwa na lawama ndani yake. "Disketi", ambalo halidai kueleza lolote, halina hatari hiyo.

Jambo ambalo jina halikulieleza ni la maana zaidi. Diski ya mwaka 1971 haikubuniwa kwa ajili ya kutunzia barua au hesabu za watu. Ilibuniwa ili kupakia maagizo ya msingi katika mitambo mikubwa ya IBM kila inapowashwa. Kwa hiyo kuamsha mashine ndiyo kazi iliyoizaa disketi, na kuhifadhi majalada ni kazi iliyozuka baadaye.

Itafaa pia kutaja vumbi. Huelezwa kwa kawaida kwamba jina la Nakuru limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na yeyote aliyekuwapo wakati ziwa lilipokauka katikati ya miaka ya 1990 hahitaji kamusi ili aamini hayo. Katika diski kuu ya tarakilishi, kichwa cha kusomea huelea juu ya uso wa diski bila kuugusa. Katika disketi kichwa huugusa uso wenyewe. Chembe ya vumbi la magadi ikiingia katikati hukwaruza, na mahali palipokwaruzwa hapasomeki tena. Tutakumbana tena na mkwaruzo huu hapa chini, kwa maana unagusa tofauti ya vitenzi viwili.

Mashine inapoamka

Kiingereza hutumia kitenzi kilichotokana na kisa cha mtu anayejiinua kutoka chini kwa kuvuta kamba za viatu vyake mwenyewe. Mfano huo uliingia katika lugha ya tarakilishi katika miaka ya 1950 ili kueleza kitendawili cha kweli: mashine haiwezi kufanya lolote bila programu, na kuileta programu ndani ya mashine ni kazi inayohitaji programu. Kiswahili hakina kisa hicho cha viatu, wala hakuna sababu ya kukitafsiri.

Karakana imelikopa neno lenyewe, "kubuti", na kulinyambua bila taabu: imebuti, haibuti, imekataa kubuti. Kwa sura ni neno zuri la Kiswahili. Kwa maana lina majirani wasiofaa, kwani "buti" ni kiatu cha askari na "kubutua" ni kupiga mpira kwa nguvu bila shabaha. Mwanagenzi mpya asije akadhani kwamba mashine iliyokataa hupigwa teke, ingawa dawa hiyo nayo imepata kujaribiwa.

"Kuwasha" ndilo neno ambalo wengi wangelipendekeza, na kwa kweli halitoshi. Taa huwashwa, redio huwashwa. Kinachoelezwa ni kupita kwa umeme. Tarakilishi ya mtumba isiyo na mfumo endeshi huwaka barabara: feni inazunguka, taa inametameta, kiwambo kina mwanga. Kitu ambacho haijafanya ni kuamka. Kiswahili kinatofautisha mambo haya mawili bila msaada wa kamati yoyote, na makala haya yanashikilia tofauti hiyo: mashine huwashwa kwa umeme na huamshwa kwa diski. Kwa sababu hiyo "diski ya kuamshia" ni bora kuliko "diski ya kuwashia".

Namna inavyoamka ni hivi. Mara tu umeme unapoingia, programu fupi iliyofungiwa katika chembe ya mashine, iitwayo BIOS, hutafuta diski. Disketi ya kawaida ya inchi 3.5 ina nyuso 2. Kila uso una miduara 80, na kila mduara umegawanywa katika sekta 18 za baiti 512. Jumla ni sekta 2,880, yaani baiti 1,474,560. (Kiasi kinachoandikwa juu ya gamba, megabaiti 1.44, si sahihi kwa hesabu ya maelfu wala kwa hesabu ya 1,024. Kimepatikana kwa kuchanganya zote mbili. Yafaa wanaodhani kwamba Kiingereza cha sayansi hakina utata walijue hilo.) Kati ya sekta hizo zote, BIOS husoma ya kwanza peke yake. Huichukua, huiweka katika kumbukumbu, kisha huikabidhi mashine. Maagizo yaliyomo katika baiti hizo 512 ndiyo yanayojua mengine yako wapi.

Hapa pana jambo la kuzingatia sana. Katika dakika hiyo mashine haijui majalada. Haijui majina, orodha wala tarehe. Inajua mahali tu: sekta ya kwanza.

Kunakili na kuandika

Sasa tuseme mwanagenzi amepokea jalada lenye taswira ya diski ya kuamshia Linux, mfumo ambao Linus Torvalds aliutoa mwaka 1991 na ambao wasambazaji wake wa mwanzo, kama vile Slackware ya mwaka 1993, walitaka uandaliwe kwa disketi ya kuamshia na nyingine ya mzizi. Fundi anamwambia, "Nakili hii kwenye disketi." Mwanagenzi anatii. Anatumia amri ya kawaida ya kunakili majalada, na kama taswira ile ni kamili, anaambiwa kuwa nafasi haitoshi. Atashangaa, na ana haki ya kushangaa: inawezekanaje taswira ya disketi isienee katika disketi?

Jibu ni kwamba disketi iliyotayarishwa kwa mtindo wa DOS hutoa sekta 33 kwa ajili ya utawala wake yenyewe: sekta ya kwanza, daftari mbili za mahali na orodha ya majina. Mtumiaji hubakiwa na baiti 1,457,664. Taswira ya baiti 1,474,560 imezichukua sekta zote, pamoja na zile za utawala, na hivyo imezidi kwa sekta 33 zilezile. Ikiwa taswira ni ndogo zaidi, nakala itaingia, lakini italala katikati ya diski ikiwa jalada lenye jina. Sekta ya kwanza itabaki ilivyokuwa. Mashine itawashwa, itasoma sekta hiyo, na itatoa ujumbe wa Kiingereza kwamba diski hiyo si ya mfumo.

Neno "kunakili" linatokana na Kiarabu, na ndani yake mna maana ya kuhamisha. Wasomi wa fasihi wanalijua vizuri kutokana na historia ya miswada. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyewanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi nyingi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, alihamisha maneno ya utenzi kutoka karatasi moja hadi nyingine. Karatasi ilikuwa mpya, hati ilikuwa yake, na mistari iliweza kukaa mahali pengine, lakini utenzi ulibaki uleule. Hayo ndiyo kunakili: kinachohama ni matini. Mtu akiupiga mswada picha, jambo ni jingine. Matundu ya mchwa yanaonekana, doa la maji linaonekana, na ukurasa wa kwanza unabaki wa kwanza. Kuandika taswira juu ya diski ni kitendo cha aina hii ya pili. Kinachohama ni ukurasa wenyewe, sekta kwa sekta, hata zile sekta tupu.

Wataalamu wa mfumo wa Unix walikuwa na programu ya kazi hii, nayo huitwa dd, jina lililochukuliwa kutoka katika lugha ya kuagizia kazi mitambo ya IBM. Kwa upande wa DOS ilikuwapo RAWRITE. Programu hizi mbili hazikuulizi jalada liitweje huko liendako. Hukuuliza chanzo ni kipi na diski ni ipi, basi. Na kwa kuwa hazijali majalada, hazijali pia kilichokuwapo. Ukikosea jina la diski katika dd, ukataja diski kuu ya mashine badala ya disketi, vilivyomo vinaanza kufutwa bila swali. Wasemaji wa Kiingereza hutania kwamba herufi hizo mbili maana yake ni mharibu diski.

Ndipo mkwaruzo wa vumbi unaporudi. Katika kunakili, sekta iliyoharibika si msiba mkubwa. Diski ikishatayarishwa na kasoro kutiwa alama, jalada hupitishwa kando. Katika kuandika taswira hakuna kando. Kila sekta ina mahali pake pamoja, na mahali pakifa, taswira imekufa. Disketi iliyotunza barua za ofisi kwa miaka bila lawama inaweza kukataa taswira kwa sababu ya sekta moja tu. Mwanagenzi asiyeelezwa tofauti hii ataona kwamba disketi "nzima" zinamfia mkononi, na huenda akalilaumu jiji kwa jina lake.

Ni kweli kwamba disketi zimepitwa. Kampuni ya Sony iliacha kuziuza Japani mwezi Machi 2011. Lakini tatizo halikwenda nazo. Kanuni iliyowezesha sidii kuamsha mashine, iliyotolewa mwaka 1995 kwa jina la El Torito, iliruhusu taswira nzima ya disketi kufichwa ndani ya sidii, hata mashine ikadhani inasoma disketi. Leo fundi wa Nakuru huandika taswira juu ya diski mweko. Nayo diski mweko imeliongezea kosa hatari, kwa kuwa nafasi yake ni kubwa mno: taswira iliyonakiliwa kama jalada huingia bila lalamiko lolote. Disketi ilikuwa na adabu ya kukataa mara nyingi. Diski mweko hukubali, inyamaze, kisha mashine isiamke. Mashine mpya zaidi zinaweza kusoma majalada kwa majina kabla mfumo haujaamka, na kwa hiyo wakati mwingine kunakili yaliyomo ndani ya taswira kunatosha. Kuinakili taswira yenyewe ikiwa jalada lililofungwa bado hakutoshi.

Taswira, picha na kivuli

Nomino nayo haikosi mashaka. "Picha ya diski" humpeleka mwanafunzi kutafuta kitu cha kutazama. "Taswira" ni bora, ijapokuwa katika idara za fasihi neno hilo limekwisha kuolewa na uhakiki wa ushairi, ambako maana yake ni ile sura inayojengeka akilini mwa msomaji. Taswira ya diski haijengeki akilini mwa mtu. Ni baiti kwa baiti. Tanzania ina neno ambalo lingefaa zaidi kwa mantiki: "kivuli", kwa maana ya nakala inayotolewa kwa mashine ya fotokopi, yenye mihuri na madoa yote ya asili. Tatizo ni kwamba katika masikio ya wengi wa Bonde la Ufa kivuli ni kitu kisicho na mwili. Kwa sasa "taswira" inaweza kuvumiliwa, mradi kitenzi kinachoambatana nayo kiwe sahihi. Nomino yenye kasoro kando ya kitenzi sahihi haitamzuia mwanagenzi kupata diski inayoamsha.

Ni vyema kukumbuka kuwa juhudi kubwa za kusanifisha lugha ya tarakilishi zimeelekea upande mwingine. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulikuwa hatua ya kupongezwa. Hata hivyo programu ya ofisi huanza kuzungumza Kiswahili pale mashine inapokuwa imekwisha kuamka. Saa ile ya kabla, saa ya fundi, iliachwa katika Kiingereza.

Kuchoma

Sidii zilipofika zilileta kitenzi chao, "kuchoma". Msingi wake ni wa kweli, kwani mwali wa leza hubadilisha uso wa sidii kwa joto. Juu ya disketi hakuna kinachoungua, wala juu ya diski mweko. Msanifishaji mwenye kupenda usahihi angekizuia kitenzi hiki kisivuke mpaka wa sidii.

Huenda asingekuwa na haki. "Kuandika" ni sahihi kisayansi, lakini ni kitenzi kipole. Mtu huandika juu ya karatasi ambayo tayari ina maandishi, akaongeza mstari chini. "Kunakili" ni kipole zaidi. Msemaji wa Kiswahili akisikia kwamba diski itachomwa, anajua bila kuelezwa kwamba vilivyokuwamo havitapona, na atauliza kwanza kama kuna kitu cha kuokoa. Hilo ndilo swali ambalo dd haiulizi. Kitenzi cha mtaani kina kosa la fizikia na kina onyo ambalo kitenzi cha kitaalamu hakina, na katika kazi inayoweza kufuta diski kuu ya shule nzima, onyo lina uzito kuliko fizikia. Makala haya yanapendekeza basi kwamba "kuandika taswira" kutumike katika maelezo ya namna kitendo kinavyofanyika, na "kuchoma" kuruhusiwe katika maagizo, kwa sidii, disketi na diski mweko sawia. "Kunakili" kubakie na majalada.

Maelekezo ya mfano

Vitenzi hivi vinaweza kupimwa kwa maelekezo mafupi, ambayo fundi angeweza kumsomea mwanagenzi bila kutaja neno la Kiingereza ila majina ya programu:

"Nakili jalada la taswira kutoka kwenye sidii hadi katika diski kuu. Tia disketi safi, isiyo na mkwaruzo, na uhakikishe humo hamna kitu unachokitaka, maana itachomwa yote. Ita RAWRITE, uitajie jalada la taswira, kisha uitajie diski. Soma tena jina la diski kabla ya kukubali. Ikikwisha kuandika, usiifungue disketi kutafuta majalada. Huenda usione hata moja, na hilo si kosa. Isomee sekta zake zote na kuzilinganisha na taswira. Zikilingana, itie katika mashine nyingine, uiwashe, usubiri iamke."

Katika maelekezo haya vitenzi vinne, yaani kunakili, kuchoma, kuwasha na kuamka, haviwezi kubadilishana nafasi bila kazi kuharibika. Neno lililo dhaifu ni "kulinganisha". Halisemi kwamba tofauti ya baiti moja inatosha kuitupa disketi, na wanagenzi wengi wataridhika na diski inayofanana na taswira "kiasi". "Kuhakiki" lingekuwa kali zaidi, lakini nalo tayari linafanya kazi katika vitabu vya fasihi, ambako wahakiki wawili wa shairi moja si lazima walingane.